Jinsi ya kutumia muda wa daladala usipotee bure

Wadau, hii ni kwa wale tunaokaa Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Tegeta, Bunju, Kibamba huko pembeni ya Dar afu kazi iko mjini, Posta au Kariakoo. Piga hesabu mwenyewe, njia ikila dakika 90 kwenda na 90 kurudi hayo ni masaa matatu kwa siku, kwa siku tano ni masaa 15, yaani karibu siku mbili nzima za kazi zinaishia barabarani kila wiki na nauli umelipa juu. Inauma jamani.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni ni soma kitabu, jifunze lugha, basi. Haumsaidii mtu aliyebanwa mlangoni mkono mmoja kashika bomba mwingine kashika begi. Mimi naona usipange kwa kuangalia saa, panga kwa kuangalia kama utakuwa umekaa au umesimama, mana hizo ni safari mbili tofauti kabisa na kila moja ina kazi yake.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuitafuta siti. Kama njia yako ni ndefu geuza na gari, nauli ya ziada kidogo inalipa. Mfano uko kituo cha Zakhem, Mbagala, asubuhi, usigombanie gari zinazokuja zimeshajaa, vuka barabara upande gari inayorudi Rangi Tatu zinakoanzia, kaa, ikigeuza wewe umo ndani umetulia. Malizana na konda mapema habari ya nauli msije mkaanza kubishana gari limejaa. Na chagua upande wa kukaa, hili watu wengi hawalifikirii. Barabara ya Kilwa asubuhi unaenda kaskazini, jua linapiga kulia, jioni unarudi kusini jua limehamia magharibi ambako ni kulia tena, kwahiyo mtu wa Mbagala akae kushoto kwenda na kurudi. Mtu wa Tegeta ni kinyume chake, akae kulia. Ukikaa juani kioo cha simu hukioni vizuri, jasho linakutoka, na hicho ulichopanga kufanya hukifanyi.

Ukishakaa, hapo ndo pa kufanya kazi za macho na mikono. Kujibu oda za wateja kama una biashara ya pembeni, kuandika matumizi, kusoma. Kuna dada tunapanda naye anauza vitenge, foleni ya Mtoni pale kwa Azizi Ali ndo ofisi yake, gari likisimama anatuma picha na bei, likianza kwenda anazima anaweka simu kwenye pochi, na wateja wake washazoea kwamba majibu yanakuja asubuhi. Nimempenda kwa sababu hajalazimisha kazi ya mezani ifanyike kwenye gari linalorukaruka, kachukua vipande vya dakika mbili tatu kavipa kazi inayovitosha.

Wengine ukisoma gari likitembea unasikia kichefuchefu. Sababu ni kwamba macho yanaangalia maandishi yaliyotulia huku sikio la ndani linahisi mwendo na kona, ubongo unachanganyikiwa. Usijilazimishe, kaa siti za mbele, inua macho uangalie mbali nje, afu hamia kwenye kusikiliza.

Ukisimama sasa, macho na mikono vyote vina shughuli, umebaki na masikio na kichwa. Masikio yape somo la Kiingereza, mawaidha, mahubiri, kitabu cha sauti, chochote ulichokipakua. Kichwa kipe kukariri. Kuna kijana anahifadhi Qurani kwenye gari, asubuhi anasikiliza ukurasa uleule mmoja kwa kurudiarudia mpaka kituo cha Gerezani, jioni anarudi anausoma kimoyomoyo, na anasonga kweli. Mwanafunzi wa jioni anaweza kufanya hivyohivyo kwa kujirekodi anasoma notsi zake kwa sauti, ukijisikia mwenyewe zinakaa. Ila weka hedifoni sikio moja tu, lingine limsikie konda na kituo chako. Na sauti usipandishe kushindana na injini na redio ya dereva, Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, juu ya hapo muda salama unapungua haraka sana.

Hivi vyote vinaandaliwa usiku. Pakua ukiwa kwenye waifai au bando la usiku, weka vitu viwili tu, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi. Ukiwa navyo ishirini utapita kituo cha Uhasibu bado unachagua. Simu ikae chaji kamili.

Kituoni wakati wa kugombania gari simu iwe ndani kabisa, vibaka wanapenda hapo. Na ukikaa dirishani gari likiwa kwenye foleni usiishike karibu na kioo kilicho wazi, inavutwa na bodaboda mara moja.

Jioni ni habari nyingine. Mwili umechoka, mi nashauri usijifunze kitu kipya jioni. Rudia cha asubuhi, andika hela iliyotoka siku hiyo, afu lala. Kulala kwenye siti ni matumizi mazuri kabisa ya muda kwa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, usimruhusu mtu akuambie unapoteza fursa. Mkanda wa begi upitishe mkononi uuzungushe, mwambie jirani akuamshe kituo kimoja kabla ya chako. Wenye watoto wadogo, zile dakika za mwisho kabla ya kushuka zimeni kila kitu mpumzike, mkifika nyumbani muwe na nguvu ya kuwasikiliza.

Unayeendesha mwenyewe ni kusikiliza tu, simu usiguse hata kwenye foleni. Kwenye bodaboda usiweke chochote masikioni.

Siku za mvua kubwa badilisha mpango wote. Bonde la Jangwani likijaa maji mwendokasi zinasimama, watu wote wanahamia kwenye daladala, safari ya saa moja inaweza kwenda masaa matatu. Siku hiyo punguza mwanga wa simu utunze chaji ya kuwapigia nyumbani, vitu vya kusikiliza viache, beba malapa kwenye mfuko wa nailoni, na nenda chooni kabla hujatoka ofisini.