Ukiambiwa "kubali ama uhame", fanya hivi

Juzi hapa Kisauni jirani yangu kaletewa bili ya maji elfu tatu, chumba kimoja na anaishi peke yake. Kauliza mbona imepanda hivo, akajibiwa na mwenye nyumba "ndo bili hiyo, kama huamini fungasha virago." Sasa hapo we umesikia jibu? Mi nimeona fimbo tu. Kwa Kilatini wanaita argumentum ad baculum, baculum ni fimbo, yani hoja ya bakora, na sisi tuliopita madrasa bakora haihitaji kutafsiriwa 😂

Kwanza usikijibu kitisho. Ukianza "we nani wa kunitoa" mshaacha maji mko kwenye ubabe, na yeye huko ndo anakujua. Yagawe maneno yake kichwani: anadai nini (bili ni elfu tatu) na atafanya nini (atakutoa), halafu jiulize hilo la pili linalifanyaje la kwanza liwe kweli, maana mita ikisoma yuniti nne itasoma nne hata ukilala nje. Kwahivo rudi kwa mita. "Sawa mzee, kuhama ntahama, lakini twende tukaiangalie pamoja." Sauti ya chini, na shikamoo utangulize.

Ila si kila la kuogofya ni bakora. Mvuvi akikwambia usiogelee hapo mkondo utakubeba, msikize, mkondo hautumi yeye. Na konda akisema "toa mia ama shuka" hiyo ni bei tu, hajakutaka uamini kitu. Akisema "nauli ya Bombolulu imekuwa mia tangu zamani na ukibisha nakushusha", hapo sasa ndo bakora.

Na ukiona huna pa kwenda, lipa yakhe, hakuna aibu. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe, hawakusema mwamini. Galileo mwenyewe, yule mtaalamu wa nyota, 1633 kule Roma alibanwa na mahakama ya kanisa mpaka akakana kwamba dunia inazunguka jua, mzee wa karibu miaka 70, we ungefanyaje? Akakana, na dunia ikaendelea na safari zake.

Halafu mita ipige picha kila mwisho wa mwezi, namba zionekane vizuri, si simu unayo.