Kabla hujanunua mtungi wa kuzamia nyumbani kwa mtu, soma bega la mtungi huo

Jumamosi moja kijana aliingia kwenye fremu yangu hapa Chumbageni, Tanga, akajaribu jaketi tatu za kuzamia, akaijua saizi yake, akashukuru, akaondoka. Jumanne akarudi na jaketi la aina ile ile, la mtumba, kalinunua nyumbani kwa mtu Raskazone kwa nusu ya bei yangu, pamoja na mtungi na regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungini kwa mdomo. Alitaka nimjazie hewa. Nikamwonyesha muhuri: mtungi ule ulipimwa mara ya mwisho mwaka 2009. Sikumjazia. Aliondoka na hasira, na najua mpaka leo anaamini nilimkomoa.

Mtu kuuzia nyumbani kwake hakunisumbui. Kinachoniuma ni kwamba mimi nalipa kodi ya fremu, leseni ya Halmashauri ya Jiji, mashine ya EFD ya kutolea risiti, vichujio vya kompresa ya kujazia hewa na upimaji wa mitungi, halafu naitwa ghali na mtu anayefananisha bei yangu na ya asiyelipa hata kimoja. Rahisi huvunja upishi. Basi ukienda kununua kwake, nenda ukiwa na macho.

Anza na bega la mtungi, pale chini ya valvu, palipogongwa herufi na namba. Mtungi wa alumini wa kiwango cha Marekani huwa na alama ya 3AL. Tafuta mwezi na mwaka. Tarehe ya kwanza ni ya kutengenezwa, zinazofuata ni za kupimwa kwa maji, kazi inayofanywa kila baada ya miaka 5: mtungi unajazwa maji, unasukumwa kwa presha kubwa kuliko ya kazi, halafu inaangaliwa kama umetanuka ukarudi ulivyokuwa. Katikati ya hapo, kila mwaka valvu inafunguliwa na ndani kunamulikwa kwa taa kutafuta kutu na nyufa. Mtungi wa kawaida wa lita 11, ukijazwa hadi bar 207, umebeba karibu lita 2,300 za hewa. Fikiria umeufunga nyuma ya bodaboda, na hakuna aliyeutazama ndani tangu 2009.

Mtungi wa alumini wa miaka ya 1980 kurudi nyuma usiununue hata ukipewa kwa bei ya soda. Mingi ilitengenezwa kwa aloi iitwayo 6351, ambayo hupata nyufa shingoni taratibu bila kuonekana kwa nje. Na bega likiwa limepakwa rangi nzito mpaka namba hazisomeki, rudisha pesa yako mfukoni.

Regulata ijaribu mbele ya muuzaji. Kabla ya kuifunga kwenye mtungi, ziba tundu la kuingizia hewa kwa kifuniko chake, weka mdomo, vuta. Ikipitisha hewa, kuna mpasuko au sili, mpira wa kuzuia kuvuja, iliyochoka. Chungulia kichujio kidogo kwenye tundu hilo: kijani ni dalili ya maji ya chumvi, wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Kisha ifunge, fungua hewa yote, vuta pumzi ndefu tano huku unatazama geji ya presha. Mshale ukicheza kila unapovuta, hewa inabanwa mahali. Hata ikipita yote haya, hesabu gharama ya fundi kubadilisha oringi, zile pete za mpira, na sili zote. Ongeza na ya kupima mtungi, ujumlishe kwenye bei uliyotajiwa, ndipo uje tulinganishe.

Hewa yenyewe ndiyo inayonitisha zaidi. Kabla sijawa na kompresa yangu nilijaziwa mtungi uani kwa mtu. Kompresa ya petroli, na mrija wake wa kuvutia hewa ulikuwa hatua mbili kutoka bomba la moshi. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwenye mita 20 kichwa kikaanza kugonga, nikashikwa na kichefuchefu, sikumbuki vizuri mwenzangu alivyonipandisha. Monoksidi ya kaboni, sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu wala ladha, na mita 20 chini presha ni mara 3 ya hapa juu, kwa hiyo sumu ile ile inakuingia kwa nguvu mara 3. Kitambaa cheupe ukikiweka kwenye valvu kitakuonyesha mafuta, monoksidi hakitakuonyesha. Uliza kichujio kilibadilishwa lini, na ukatazame kwa macho yako mrija unavuta hewa kutoka wapi.

Ukiambiwa mtungi ulikuwa wa wavuna jongoo bahari, ondoka. Kuvua kwa mitungi ni marufuku, na mtungi wa kazi ya kujificha haupelekwi kupimwa.

Risiti usione haya kuidai. TRA wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kama hana mashine, aandike kwenye karatasi namba ya mtungi, tarehe ya kipimo cha mwisho na kwamba ni mtumba, kisha asaini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa au ilikotumika, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako. Akigoma kusaini, umeshajua.

Na wewe ndugu yangu unayeuzia nyumbani, chukua TIN, chukua leseni, uza hapo hapo ulipo. Mitungi yangu naisubiri ifike kumi ndipo naisafirisha kupimwa, maana kupeleka mmoja mmoja nauli inaumiza. Sasa hivi ninayo sita. Lete yako ikiwa mitupu, tuchangie nauli.