Kabla ya kuuliza ni nini kinachopinda anga-wakati

Wengi huingia katika nadharia ya uhusianifu wa jumla, ile ya Einstein inayosema mvutano ni kupinda kwa anga-wakati (anga na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja), kupitia mchoro wa shuka la mpira lililolemewa na tufe zito katikati. Uweke kando mchoro huo kwanza. Unaeleza mvutano kwa kutegemea mvutano, maana tufe linazama kwa sababu kipo kitu kinacholivuta chini. Kibaya zaidi, unauacha wakati nje kabisa.

Na wakati ndio wenye kazi kubwa. Katika jiometria hii sekunde moja ni sawa na umbali wa kilomita 300,000 hivi. Jiwe likidondoka kwa sekunde moja hushuka mita tano tu, ilhali upande wa wakati limekwenda umbali wote huo. Ndiyo maana mpindo mdogo mno wa wakati unatosha kuliongoza jiwe. Mwanga hauko hivyo: kwake mpindo wa anga una uzito sawa na wa wakati. Mwaka 1911 Einstein alikokotoa mchepuko wa mwanga unaopita kando ya Jua kwa kutumia upande wa wakati pekee, akapata nusu ya jibu. Novemba 1915 upande wa anga ukaingia, na jibu likawa sekunde za tao 1.7 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Picha za kupatwa kwa Jua za Mei 29, 1919, zilizopigwa Sobral nchini Brazili na katika kisiwa cha Principe, zilikubaliana na jibu hili la pili. Kwangu hakuna mfano bora wa kumfundishia mtu kwamba vinavyopinda ni viwili.

Jitayarishe pia kuliachia neno tungamo. Chanzo cha mpindo ni nishati, na tungamo ni sura yake mojawapo tu. Hata tungamo la protoni, sehemu kubwa mno ni nishati iliyofungwa ndani yake. Tungamo la kwaki zenyewe, chembe zinazounda protoni, ni kama asilimia moja. Nishati nayo haiji peke yake: iko pamoja na momenta (wingi wa mwendo), shinikizo na mikazo (nguvu za ndani za kuvutana na kusukumana), na vyote hupinda anga-wakati. Dunia inayozunguka huburuta anga-wakati kidogo pamoja nayo, jambo lililopimwa na chombo cha Gravity Probe B kilichorushwa mwaka 2004.

Shinikizo linahitaji utulivu wa akili. Tumezoea kuliona likisukuma nje, kama linavyoizuia nyota isijiporomokee. Lakini lenyewe pia huongeza mvutano. Katika gesi ya mwanga mtupu, mchango wa shinikizo kwa mvutano unalingana na ule wa nishati yenyewe. Nyota nzito ikianza kuporomoka, kile kinachoitegemeza huwa sehemu ya kinachoivuta ndani.

Usitarajie mpindo uishie palipo na maada. Kati ya Jua na Dunia ni karibu utupu, na bado anga-wakati limepinda humo. Mpindo husafiri pia: mawimbi yaliyonaswa na LIGO, vigunduzi vya mawimbi ya mvutano vilivyoko Marekani, Septemba 14, 2015 yalitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Upande wa hisabati, kalkulasi ya vigeu vingi na tensa (majedwali ya namba yanayoeleza kitu kwa kila mwelekeo) hazikwepeki; Einstein mwenyewe alihitaji msaada wa rafiki yake Marcel Grossmann. Milinganyo ya nadharia hii ni kumi, imefungamana, na hapa ndipo swali la "nini husababisha" linapobanwa. Huwezi kuandika nishati na shinikizo upande mmoja kabla hujajua umbali na wakati vinapimwaje, na vipimo hivyo ndivyo unavyovitafuta upande wa pili. Vyote hupatikana kwa pamoja. Mwanafizikia Mjerumani Karl Schwarzschild alipita kwa kuchagua hali nyepesi, tungamo lenye umbo la tufe lililotulia, akapata suluhisho kamili la kwanza wiki chache baada ya milinganyo kutangazwa. Anza na hilo.