Namna ya Kuandika Historia ya Mashindano ya Gofu Yaliyodumu Muda Mfupi

Mashindano ya gofu ya kulipwa yanayochezwa mara moja au mbili kisha yakatoweka huwa hayaandikwi, kwa kuwa hayana orodha ndefu ya mabingwa. Mimi naona yanastahili kuandikwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, maana waliokuwapo wakisahau, hakuna mwingine wa kuulizwa. Mfano wangu hapa ni Kenya Savannah Classic, yaliyochezwa mara moja tu, jijini Nairobi, mwaka 2021.

Anza na kalenda kabla ya kumgusa bingwa, na kila tarehe iandikie siku yake ya wiki. Kenya Open, mashindano makongwe yaliyoanza mwaka 1967, yalichezwa katika klabu ya Karen kuanzia Alhamisi tarehe 18 hadi Jumapili tarehe 21 Machi 2021. Savannah Classic yakaanza kwenye uwanja uleule Jumanne tarehe 23 na kumalizika Ijumaa tarehe 26. Anayeufahamu mchezo huu atashtuka, kwa sababu mashindano ya ngazi hiyo kwa kawaida huanza Alhamisi na kufikia kilele Jumapili.

Swali la kwa nini haya yalianza Jumanne ndilo litakalokupeleka kwenye chanzo chake. Kenya Open ya mwaka 2020 iliahirishwa siku chache kabla ya kuanza kwa sababu ya Covid-19, na European Tour, ziara ya gofu ya kulipwa ya Ulaya inayosimamia mashindano haya, ikiwa imepoteza mashindano mengi, ilianza kupanga mawili mfululizo katika nchi moja, kama ilivyofanya Cyprus mwaka huohuo, ili wachezaji wasafiri mara moja na kushindana mara mbili. Liandike jambo hili mapema katika makala yako, kwa kuwa mashindano yaliyozaliwa na dharura hueleweka vibaya yakisimuliwa kana kwamba yalikusudiwa kuwa ya kila mwaka.

Ukifika kwenye matokeo, nenda polepole. Kenya Open ilichukuliwa na Justin Harding, na Savannah Classic ikachukuliwa na Daniel van Tonder. Wote wawili ni wa Afrika Kusini, uwanja ni mmoja na siku zimekaribiana, kwa hiyo ni rahisi sana kuwachanganya. Van Tonder alimaliza mashimo yote 72 ya siku nne akiwa sawa na Jazz Janewattananond wa Thailand, wakarudi uwanjani kucheza mashimo ya ziada, naye akapata hapo ushindi wake wa kwanza katika European Tour. Jina la ziara nalo liache lilivyokuwa wakati ule: DP World Tour ni jina jipya la European Tour lililoanza kutumika na msimu wa 2022, na kulirudisha nyuma ni kosa.

Kisha watafute makedi, yaani wabeba mifuko ya wachezaji, na watunza nyasi. Uwanja wa Karen ulibeba siku nane za mashindano ndani ya siku tisa, na hakuna jedwali la mikwaju litakalokueleza nyasi za kuzunguka mashimo zilikuwa na hali gani asubuhi ya Ijumaa ile, wala ni kazi gani iliyofanywa Jumatatu, siku pekee ya kupumzika.

Angalia pia nje ya uzio. Ijumaa hiyohiyo ya tarehe 26 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa kaunti tano, Nairobi ikiwamo, ili kuzuia maambukizi. Tukio hilo liweke katika aya moja na ushindi wa van Tonder, kwa sababu yote mawili ni ya siku moja na jiji moja.

Mwisho, kuwa mwangalifu na neno “kufutwa”. Mwaka 2022 Kenya Open ilichezwa Muthaiga, klabu nyingine ya Nairobi, Ashun Wu wa China akashinda, na hapakuwa na Savannah Classic baada yake. Usipokuwa na tangazo la kufutwa mkononi, andika tu kwamba hayakuchezwa tena.