Kula na kushiba baada ya kung'olewa gego la mwisho

Ukitoka kung'olewa gego la mwisho, usikimbilie kula. Ganzi hukaa saa kadhaa, na shavu lenye ganzi unaweza kulitafuna usijue mpaka uone damu. Ing'ate ile pamba kwa muda aliokwambia daktari, kisha kunywa maji ya baridi kidogo kidogo, kwa kikombe, mpaka ganzi iishe.

Mimi napika supu na mtori Tabata, na wanaonijia wameshika shavu ni wengi. "Dada, nile nini?" Wengi wao wameshaambiwa na majirani wanywe uji mwepesi tu mpaka wapone. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Mtu ana kidonda, anameza dawa, na joto la Dar linamtoa jasho mchana kutwa. Huyo anatakiwa kushiba. Apewe chakula kisichotaka kutafunwa, lakini kiwe chakula kamili.

Jambo la kulinda ni lile shimo. Jino likitoka, damu huganda humo ndani na kuufunika mfupa na mishipa ya fahamu. Hiyo damu ikichomoka mapema, mfupa hubaki wazi na maumivu hupanda mpaka sikioni. Ndiyo maana mrija ni marufuku wiki ya kwanza: ukifyonza unaweza kuing'oa. Muuzaji wa madafu mwambie akumiminie kwenye kikombe. Mate nayo yaache yadondoke, usiteme kwa nguvu. Sigara iache kabisa.

Siku ya kwanza kula vya baridi: mtindi, parachichi lililopondwa, papai lililoiva sana, aiskrimu isiyo na karanga. Supu ya moto ingoje, maana joto linaweza kuamsha damu ianze kutoka tena.

Kesho yake pika mtori. Chemsha nyama ya ng'ombe yenye mfupa mpaka iachie yenyewe, tia ndizi mshare zilizomenywa, kitunguu na karoti iliyokunwa. Vikiiva, toa nyama yote. Mtori wa kuuza tunaacha vipande, mteja anapenda kuviona. Wa mgonjwa hauachwi hivyo. Ondoa mifupa, isage nyama kwenye blenda na mchuzi wake mpaka nyuzi zipotee, kisha irudishe kwenye ndizi ulizoponda kwa mwiko. Chumvi kidogo, pilipili hapana, ndimu hapana. Malizia na kijiko cha samli. Uwe mzito lakini unateleza. Kabla ya kula, dondoshea kidogo kwenye kifundo cha mkono. Ukihisi moto, bado.

Siku ya pili na ya tatu uvimbe ndio huwa mkubwa zaidi na mdomo haufunguki vizuri. Tumia kijiko cha chai, pitishia upande usio na kidonda. Meza dawa za maumivu kama ibuprofeni baada ya kula, si tumbo tupu.

Ukiuchoka mtori, ponda viazi na maziwa, au vuruga mayai yakiwa bado laini. Maharage yapitishe kwenye chujio maganda yabaki juu. Samaki ninayempenda kwa kazi hii ni nguru: nenda soko la samaki la Feri asubuhi, mpike kwa tui la nazi, mchambue kwa vidole kipande kwa kipande. Changu mwache kwanza, miba yake inasumbua. Juisi ya pesheni ichuje mbegu zote.

Wali ndio watu wanaulilia mapema, na ndio unaosumbua, kwa sababu punje huingia shimoni na hazitoki kirahisi. Subiri kama wiki hivi, kisha anza na wali bokoboko, uliolainika sana. Ugali laini kwa mlenda unaweza kuja kabla yake, ukiona unameza bila taabu. Bisi, karanga, kashata, mahindi ya kuchoma na mishikaki, muulize daktari kwanza.

Siku ya kwanza usisukutue. Baada ya hapo, kila ukimaliza kula, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yatie mdomoni, inamisha kichwa huku na huku, uyaache yamwagike.

Maumivu yanatakiwa kupungua kila siku. Yakipungua kisha yakarudi kwa kasi kuanzia siku ya tatu, au mdomo ukatoa harufu mbaya, au ukapata homa, au damu ikakataa kukoma, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Na ikiwa uvimbe unakubana koo, unameza au unapumua kwa shida, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.