Jinsi ya kupanga gari la vikaragosi kwa igizo lenu la muziki

Nauandika mwongozo huu baada ya kusaidia kikundi cha vijana hapa Moshi. Wametunga igizo la muziki kuhusu mfongo, ule mfereji wa jadi unaoteremsha maji ya mlimani hadi vihambani (mashamba ya nyumbani ya Wachaga), na walitaka kulitangaza barabarani kwa gari lenye vikaragosi vikubwa kabla ya onyesho la ukumbini. Vikundi vya Arusha navyo huniuliza mambo hayohayo, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

1. Chagueni tukio moja tu

Msijaribu kubeba hadithi nzima. Gari likienda mwendo wa watu wanaotembea taratibu, tuseme kilomita 2.5 kwa saa, linamaliza mita 30 kwa sekunde 43 hivi. Kwa mtu aliyesimama mbele ya duka, huo ndio muda wote wa igizo lenu. Angalieni magari ya Mei Mosi: fundi anachomelea, nesi anapima presha, na mtazamaji anaelewa papo hapo. Kwa vijana wa mfongo tukio likawa hili: bibi anainua lango, kitambaa cha bluu kinateremka kama maji, mbega wawili wanaruka. Likiisha linaanza upya, hadi mwisho wa njia.

Andikeni tukio lenu kwa sentensi moja. Kama sentensi ina "halafu" zaidi ya mbili, punguzeni.

2. Gari

Tumieni kenta (lori dogo) ya bodi wazi. Fuso ni kubwa mno kwenye kona za mjini, na pikapu haina nafasi. Muhimu kuliko gari ni dereva anayeweza kwenda gia ya kwanza bila kushtukashtuka, maana kila breki ya ghafla inawaangusha walio juu. Wekeni mtu kila upande wa matairi ya nyuma, kazi yake pekee ni kuzuia watoto wasisogee.

3. Njia na vibali

Itembeeni njia nzima kwa miguu mkitazama juu. Nyaya za simu na umeme zinazovuka kwenda madukani huning'inia chini kuliko mnavyodhani. Msizipime kwa kuzigusa na kitu chochote. Kadirieni kutoka pembeni, chukueni ile iliyo chini kuliko zote, kisha jengeni chini yake kwa nafasi ya kutosha. Shingo ya kikaragosi kilicho juu ya gari iwe na bawaba ili ilazwe.

Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla ya msafara. Ipelekeni mapema zaidi ya hapo, ikiwa na ramani ya njia, na mpitie kwa afisa utamaduni. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Kama mna uhuru wa kuchagua tarehe, iepukeni.

4. Vikaragosi

Kiunzi kiwe cha mianzi iliyopasuliwa, kifungwe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Sishauri nondo hata ya milimita 6. Mwanzi ukivunjika njiani unaufunga upya kwa dakika chache, nondo ikipinda inahitaji mtu wa kuchomelea.

Kichwa chongeni kwa sponji. Mafundi sofa huwa na mabaki, na gundi ya fundi viatu inashika vizuri. Karatasi zilizolowekwa kwenye uji wa unga zinapendeza ndani ya ukumbi, lakini manyunyu kidogo tu yanazirudisha kuwa uji. Nywele za bibi tulitengeneza kwa magome makavu ya mgomba, gauni kwa kanga.

Kwa kikaragosi kinachobebwa na mtu, tafuteni begi kuukuu la mlimani lenye fremu na mkanda wa kiunoni. Hapa Moshi mabegi hayo hayakosekani kwenye mitumba. Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20, lakini huo unakaa mgongoni au kichwani. Kikaragosi kimesimama juu ya kichwa na upepo unakivuta, kwa hiyo mimi sivuki kilo 8. Little Amal, kikaragosi cha msichana mkimbizi kilichotengenezwa na kampuni ya vikaragosi ya Handspring ya Cape Town na kutembezwa kutoka Uturuki hadi Uingereza mwaka 2021, kina urefu wa mita 3.5. Yupo mtu ndani yake anayetembea juu ya mironjo (miti mirefu inayofungwa miguuni), na wengine wanaoshika mikono. Kwenu pia: aliyebeba abebe tu, mikono ipewe watu wengine.

Kuhusu mdomo: kikaragosi kikifungua mdomo kwa kila silabi, kwa mbali kinaonekana kinatafuna. Fungueni kwenye silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho wa neno. "Majiko" iwe mara moja, si mara tatu.

5. Sauti

Hapa ndipo mazoezi yetu mengi yalipotelea, na ndipo magari mengi ya wasanii huharibikia.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji aliye mita 34 nyuma ya spika anasikia ngoma ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo yeye yuko nyuma kwa moja ya tano ya pigo. Akiimba, sauti yake inawarudia wa mbele ikiwa imechelewa mara mbili. Mpiga ngoma anapunguza mwendo ili kuwasubiri, wa nyuma nao wanapunguza zaidi, na wimbo wa kuchezeka unalala kabla ya kiitikio cha tatu. Watu hulaumiana kwamba fulani hana sikio, kumbe ni umbali.

Waimbaji wote wakae juu ya gari au ndani ya mita 10 kutoka kwenye spika. Wanaotembea mbali zaidi wasiimbe pamoja na gari. Wacheze tu, wakimfuata kwa macho mtu aliyesimama juu na kitambaa cheupe anayeonyesha pigo. Mkitaka nao waimbe, tungeni kipande cha kupokezana: gari linauliza, linanyamaza, wao wanajibu. Kuchelewa hakutasikika tena. Mpiga ngoma naye aambiwe wazi asimsubiri mtu yeyote.

Msiweke spika ya pili kwenye bajaji ya nyuma kwa bluetooth. Ina ucheleweshaji wake yenyewe, juu ya ule wa umbali. Spika mbili, zote kwenye kenta, zielekee kando za barabara, si mbele wala nyuma. Ngoma za moja kwa moja ni bora kuliko muziki wa kurekodi: gari likisimama kwenye foleni, mpigaji anarudia kiitikio, lakini rekodi inasonga mbele na kuwaacha.

Jenereta ikae mwisho wa bodi juu ya tairi kuukuu ili isitetemeshe mbao. Isifunikwe kwa turubai walipo watu, moshi wake unaua. Jazeni mafuta kabla ya kuondoka, msiongeze ikiwa ya moto. Na pangeni mapema mahali pa kuzima kila kitu: kwa Moshi, hospitali ya Mawenzi, na kwenye misikiti wakati wa adhana.

Fanyeni angalau zoezi moja gari likiwa linatembea. Zoezi la uwanjani gari limesimama halitawaonyesha lolote kati ya haya.

6. Bango

Jina la igizo, ukumbi na tarehe viandikwe nyuma ya gari. Likiwa linakuja watu wanatazama vikaragosi, likishapita ndipo wanauliza ni nini hicho. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 30, nyeusi juu ya njano, na namba ya simu ya kikundi iwe moja tu.