Jinsi ya kumtengenezea makazi kipepeo Karner blue

Kama uko Wisconsin, Michigan au New York huko Marekani na una eneo la kichanga lenye jua, anza na lupini mwitu (mmea wa maua wa jamii ya kunde), viwavi wa Karner blue hawali kitu kingine kabisa. Mbegu ni ngumu, zikwaruze na msasa, loweka usiku mmoja ndo upande. Baadaye kazi kubwa ni kufyeka, usipofyeka vichaka vinafunika kila kitu na lupini inakufa, ila fyeka kipande kipande maana mayai ya kizazi cha pili cha mwaka yanakaa hapo chini majira yote ya baridi mpaka Aprili ndo yaanguliwe. Mei kagua majani, ukiona madoa yanayopitisha mwanga kiwavi kapita, na sisimizi wakimzunguka waache, wanamlinda, naye anawapa majimaji matamu. Dawa za wadudu usipulize jamani, kipepeo huyu sheria ya Marekani inamtambua kuwa hatarini kutoweka tangu 1992.